Redio Hajui Atakuwa Nani

Kila jioni nyumba ya fundi wa kuchomelea ilikuwa na kelele mbili. Ya kwanza ilitoka uani, ambako fundi alikata vyuma vya mageti. Ya pili ilitoka sebuleni. Hiyo ilikuwa ya binti yake.

Binti huyo alikuwa kidato cha mwisho. Shuleni na mtaani walimwita Redio, na hata mama yake alishalizoea jina hilo. Lilimkaa sawasawa. Alitangaza mechi za shule. Aliongoza mdahalo. Akitumwa dukani, alisalimiana na kila aliyekutana naye, na waliokuwa wakimngoja nyumbani walikunywa chai kavu.

"Huyu ni wakili," baba yake aliwaambia wateja. "Mdomo kama huu haupotei bure."

Aliwaambia waliokuja kuchukua mageti. Aliwaambia na waliokuja kuuliza njia tu. Mtaa mzima ukajua. Jirani mmoja akaanza kumwamkia Redio, "Habari za asubuhi, mheshimiwa wakili?"

Kulikuwa na tatizo moja. Redio mwenyewe hakujua kama anataka kuwa wakili. Si kwamba alitaka kitu kingine. Angekuwa nacho, angekisema, maana kusema hakujawahi kumshinda. Alikuwa hajui tu, na kutojua huko kulimnyima usingizi.

Siku ya Jumatatu wanafunzi wa kidato cha mwisho walifanya mazoezi ya mahafali. Kila mmoja alitakiwa kusimama na kutaja ndoto yake kwa sentensi moja.

Alianza msichana waliyemwita Kikokotoo. Huyo alipiga hesabu kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali. "Mimi nitakuwa mhasibu," alisema, akakaa. Hakuna aliyeshangaa.

Akafuata Mnara, golikipa wa shule, kijana mrefu na mpole. "Mimi nitakuwa rubani."

Darasa zima liliangua kicheko. Mnara aliogopa hata kulala kitanda cha juu bwenini.

"Ndege ina kuta," Mnara alijitetea.

Zamu ya Redio ikafika. Alisimama. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Redio imeisha betri!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Wakili," Redio alisema haraka, akakaa. Aliona aibu kama mtu aliyesema uongo. Na kweli alikuwa amesema uongo. Wenzake wote walionekana kujua waendako, hata Mnara na hofu yake. Yeye peke yake alikuwa njia panda, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba chuo.

Jioni alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, wewe unadhani mimi nifanye kazi gani?"

"Baba yako ameshasema."

"Nakuuliza wewe."

Mama alimenya kitunguu huku akifikiri. "Ningependa uwe nesi. Lakini kwa mdomo huo, wagonjwa watalala saa ngapi?"

Redio alicheka, ila moyoni hakucheka. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango, ameshika tama.

Hapo ndipo mwalimu jirani alipomkuta. Mama huyo alifundisha shule nyingine, na kazi yake hasa ilikuwa kuwapa ushauri wanafunzi wanaomaliza. Alikuja kuulizia geti lake.

"Redio kimya?" alisema Mwalimu. "Kuna msiba?"

"Hakuna, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona hivyo?"

Redio alimweleza yote, bila kupumua. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe una kipaji cha kusema," alisema. "Hilo kila mtu analijua. Lakini kipaji ni kitu kimoja, na kazi ni kitu kingine. Usijiulize, 'Nitaitwa nani?' Jiulize, 'Nitashinda nafanya nini, toka asubuhi mpaka jioni?' Je, unajua wakili anashindaje?"

"Anaongea mahakamani."

"Umemwona?"

"Kwenye televisheni."

"Basi nenda ukamwone kwa macho yako. Omba ukae naye siku moja. Watu wengi hawakatai wakiombwa kwa adabu."

Jumatano, kwa ruhusa ya shule, Redio alikaa katika ofisi ya wakili mmoja mjini. Wakili huyo alikuwa mama mcheshi. Alimpa kiti, kisha akasoma. Alisoma ukurasa, akapiga mstari, akasoma ukurasa mwingine. Msaidizi wake naye alisoma. Saa ya ukutani ilisikika.

"Mahakamani tunakwenda lini?" Redio alinong'ona.

"Kesi hii? Wiki tatu zijazo," wakili alijibu. "Kuongea ni siku moja, mwanangu. Kusoma ndiko kwenyewe. Lakini ona hapa!" Akamwonyesha mstari mmoja, macho yanang'aa. "Neno hili moja linaweza kumrudishia mtu shamba lake!"

Redio aliona jinsi mama yule anavyoipenda kazi yake. Aliiheshimu. Ila yeye alikuwa amepiga miayo tangu asubuhi.

Alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda.

"Sasa hata uwakili umetoka," alimlalamikia Mwalimu, aliyekuwa uani akikagua geti lake. "Nimebaki na nini?"

"Umebaki na jibu moja, kwamba si huko. Hilo nalo ni jibu. Hebu nipeleke nikamsalimu bibi yako."

Bibi, mama yake fundi, alipata kiharusi mwaka uliopita. Mkono wake wa kulia ulilegea, na usemi wake ukawa wa shida. Akili yake ilikuwa nzima. Maneno alikuwa nayo, ila kuyatoa ilikuwa kazi. Fundi alimpenda sana mama yake, na kwa mapenzi hayo hakuweza kumwona akihangaika. Bibi akianza, "Na... naomba m..." fundi alirukia, "Maji! Mleteeni Mama maji!" Bibi aliyanywa maji. Mara nyingi alikuwa anataka mto.

Redio alikaa karibu na bibi yake kama kila jioni.

"Bibi, usiku umeota nini?"

Kisha akanyamaza. Mwalimu alitazama na kushangaa. Redio alinyamaza kabisa, anamtazama bibi usoni.

"Ku... ku..." alisema Bibi.

Mwalimu alidhani ni kuku. Redio hakusema kitu. Alipiga goti lake polepole kwa kidole, akaguna kwa sauti ya wimbo. Bibi akafuata ule wimbo, akalivuta neno kidogo kidogo.

"Ku-ni! Kuni!"

"Umeota unabeba kuni?"

Bibi akatikisa kichwa, tena akacheka. Kwa mkono wa kushoto akaonyesha kutupa: aliota amezitupa.

"Nani kakufundisha hivyo?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna. Niligundua kwamba neno likimkwama kulisema, anaweza kuliimba. Na ukimmalizia, anakata tamaa. Inabidi umpe muda."

"Unakaa naye muda gani?"

"Sijui. Mama huniita kula, nami sisikii."

Mwalimu alitabasamu. "Redio, kuna watu wanasomea kazi hii. Inaitwa tiba ya usemi. Wako katika hospitali kubwa. Wanawasaidia waliopata kiharusi, watoto waliochelewa kuongea, na watu wenye kigugumizi. Biolojia unapata ngapi?"

"Napata vizuri. Lakini Mwalimu, hii ni kazi ya kunyamaza! Mimi?"

"Ni kazi ya maneno. Wewe unayapenda hata yakiwa ya mtu mwingine. Usiniamini, nenda kaone."

Alhamisi Redio alikwenda hospitali. Alimwona dereva mmoja mwenye kiharusi akijifunza upya kutaja jina la mwanawe. Dereva alijaribu, akakosea, akapiga meza kwa hasira. Mtaalamu alingoja. Dereva akajaribu tena. Redio alisahau kula mchana.

Lakini njiani kurudi, wasiwasi ukamrudia. Alipita kwa Mwalimu.

"Je, nikiichoka baadaye?"

"Hakuna anayejua hilo leo. Mimi nilianza na uhasibu. Chagua kwa unachokijua sasa. Na usiombe kozi moja tu. Weka ya pili na ya tatu zinazokaribiana nayo. Mlango mmoja ukifungwa, usibaki nje."

Sasa ilibaki kazi ngumu kuliko zote. Ilibaki kumwambia baba.

Baba alikuwa sebuleni alipokaa Bibi, ananawa mikono kwenye beseni.

"Baba, kuhusu chuo. Mimi nataka..."

"Sheria. Najua."

"Hapana, Baba. Nataka..."

"Hapana? Nimeshaambia mtaa mzima! Unataka kunitia aibu?"

"Nataka kusomea..."

"Kusomea nini? Nimesikia ulikwenda hospitali. Umedanganywa na yule Mwalimu! Kukaa na wagonjwa kutwa nzima..."

Kishindo kikasikika. Bibi alikuwa amepiga fimbo yake sakafuni.

"Mw... mw..." alisema.

"Maji, Mama?" fundi aliuliza.

"Subiri, Baba," alisema Redio, machozi yanamlenga. "Tafadhali. Subiri tu."

Fundi akasubiri. Kwake ilikuwa adhabu. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaufunga. Bibi alifumba macho, akaguna kidogo kama anayetafuta wimbo.

"Mwa... che... a... ma... li... ze."

Fundi alikaa chini na mikono yake yenye povu. Tangu mama yake augue, hakuwa amemsikia akitoa sentensi nzima. Alikuwa hajawahi kungoja kiasi hicho.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Maliza."

Redio alieleza. Safari hii hakusema mengi. Baba hakuelewa yote. Aliuliza kama kazi hiyo ina ajira, na Redio akamjibu alivyoelezwa hospitali, kwamba wataalamu ni wachache na wagonjwa ni wengi. Mwishowe fundi aliitikia kwa kichwa.

"Na mtaani nitasema nini?"

"Sema nimebadilisha, Baba."

Ijumaa Redio aliomba chuo. Kozi ya kwanza aliweka tiba ya usemi. Siku ya mahafali alisimama mbele ya watu wote, akasema, "Nataka kuwasaidia watu wapate tena maneno yao. Bado naogopa kidogo." Hizo zilikuwa sentensi mbili, lakini walimu walimsamehe.

Alikubaliwa. Leo yuko mwaka wa pili. Mnara hakuwa rubani. Anasomea kutengeneza ndege, nazo hutengenezwa zikiwa chini.

Nyumbani, fundi huzima mashine yake mapema na kukaa na mama yake. Redio alimwonyesha namna ya kufanya. Aulize jambo moja moja. Amtazame usoni. Asimmalizie. Wateja wakimuuliza binti yake anasomea nini, jina la kozi humpotea. "Anasomea usemi," hujibu. "Msinitese."

Jioni moja Redio alikuwa nyumbani kwa likizo. Bibi alimtazama mjukuu wake, kisha akamgeukia mwanawe.

"Na... we... we?"

"Mimi nini, Mama?"

Fundi alingoja.

"U... li... taka... ni... ni?"

Fundi alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kazi ya vyuma ilikuwa ya baba yake, naye alipomaliza shule alikabidhiwa miwani ya kuchomelea asubuhi iliyofuata. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Alitazama mikono yake. Akatazama mlango. Mkewe na binti yake walimngoja.

"Treni, Mama," alisema mwisho. "Nilitaka kuendesha treni."

Bibi alimtazama mwanawe. Akanyoosha mkono wake mzima, akamshika bega.

"Ungesema," alisema, neno zima, bila kukwama.