Kware Mbili Anaita

Jumamosi ile ya mwaka 1996 haikuwa na dalili yoyote mbaya. Odongo, askari jela wa Mbale na jirani yetu pale Malukhu, alikunywa chai, akamuaga mkewe Namwase, akachukua vijiti vyake vya ngoma na kutembea hadi eneo la viwanda. Huko, ndani ya ghala lililowahi kuhifadhi pamba, bendi yao ya Kimondo ilikuwa ikirekodi albamu.

Watu waliicheka bendi hiyo. Mbale nzima ilitaka muziki wa kucheza. Kimondo walipiga muziki wa kuelea. Gitaa la Wamboga lililia kama limezama majini, mwangwi juu ya mwangwi. Nasif, fundi redio kutoka Jinja, aliunganisha kinanda cha umeme na mashine alizojiundia mwenyewe, zikatoa milio ya chombo kinachoiacha dunia. Odongo aliwapigia ngoma, na akishapiga alisahau kila kitu. Hasa mambo ya zamani.

Siku hiyo Nasif alikuja na kitu kipya: redio ya jeshi, ya kijani, aliyoiokota kwenye vyuma chakavu Bugembe, nje kidogo ya Jinja.

"Mluzi wake mtamu sana," alisema. "Sikilizeni."

Akazungusha kitufe. Mluzi ukapanda, ukashuka, ukajiviringisha kwenye gitaa la Wamboga. Walirekodi wimbo wa nne bila kusimama, dakika kumi na moja, na hakuna aliyekosea. Wamboga nusura alie kwa furaha.

Wakarudisha kanda mwanzo, wakasikiliza.

Dakika ya saba, chini ya gitaa, mtu aliongea.

"Kware Moja, huyu ni Kware Mbili. Niko Bugembe. Mguu umekufa. Unanipata?"

"Tumenasa polisi!" Nasif alicheka.

Odongo hakucheka. Vijiti vilimponyoka mkononi.

Kware Moja alikuwa yeye.

Mwaka 1979, jeshi liliposambaratika na kukimbilia mashariki, yeye na Jude walikuwa wapiga redio wa kikosi kimoja. Jude alipigwa risasi ya paja Bugembe. Odongo alimlaza kwenye shamba la migomba, akamwachia redio moja, akadandia lori. "Narudi," alimwambia. Jude aliita njia nzima. Lori lilipofika Iganga, kwenye barabara ya kuja Mbale, Odongo alizima redio yake.

Hakuwahi kumwambia mtu. Hata Namwase hakujua.

"Futa hiyo," alimwambia Nasif.

"Afute?" Wamboga alimaka. "Bwana, hiyo ndiyo roho ya albamu! Nasif, rudisha."

Kanda ikarudi. Kanda ileile. Gitaa lilelile. Dakika ya saba.

"Kware Moja. Nimefika Iganga. Ulizima."

Wamboga aliliweka gitaa chini taratibu.

"Maneno yamebadilika," Nasif alinong'ona. Akarudisha tena, kama mtu asiyeyaamini masikio yake.

"Niko Mbale. Nasikia ngoma zako."

Nasif alizima kinasa sauti. Akang'oa nyaya zote ukutani, moja baada ya nyingine. Mashine zikanyamaza. Taa ndogo ya ile redio ya kijani haikuzimika.

"Kware Moja. Niko mlangoni. Unanipata?"

Wote wakautazama mlango. Ulikuwa wazi. Nje jua la saa tisa liliwaka, na mwanamke alipita na beseni la ndizi kichwani. Hapakuwa na mtu mwingine.

Odongo alipiga magoti mbele ya redio.

"Usijibu, afande," Nasif alinong'ona. "Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi nani?"

Odongo aliivuta redio karibu. Miaka kumi na saba aliisikia sauti hiyo kila alipolala. Alichoka. Akabonyeza kitufe.

"Kware Mbili, nakupata. Nisamehe, Jude."

Taa ikazimika.

Kisha sauti ikaja. Haikutoka redioni. Ilitoka nyuma ya sikio lake, yenye joto la pumzi.

"Nimechoka. Nibebe."

Wenzake hawakuisikia. Walichoona ni Odongo kuinama ghafla, kama mtu aliyetwishwa gunia. Alitoka nje vilevile, kainama, akishika ukuta, wala hakuaga.

Jumatatu mgongo ulikuwa umemshinda. Akaenda kwa Gorreti, muuguzi wa askari, ambaye alimpandisha kwenye mizani. Odongo alikuwa mwembamba, kilo sitini na mbili tangu aajiriwe. Mshale ulipita sitini. Ukapita mia. Ukasimama kwenye mia na ishirini na tano.

"Mizani hii ni mbovu," Gorreti alisema. "Shuka, afande, nijaribu upya."

Odongo alishuka, akasogea hadi dirishani.

Mshale ulirudi hadi sitini na tatu. Ukabaki hapo, ukipanda na kushuka kidogo, kama unavyofanya mtu akiwa juu yake akipumua.