Kurasa Mbili Alizoziruka Ottilia

Mwezi wa sita Mbinga si mwezi wa kuchezea. Ukifungua mlango asubuhi, ukungu unaingia ndani kama jirani asiyejua kupiga hodi. Ottilia alikuwa akiamka kabla ya saa kumi na mbili, anachota maji, anawasha moto, anapasha uji, kisha yeye na mama yake wanatoka pamoja. Mama yake, Kunigunda, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Siku nzima alikaa mezani na wanawake wenzake, wanachambua punje: mbovu huku, nzima kule. Ottilia alikuwa darasa la sita. Njia panda wanaachana, kila mtu na kwake. Baba yake alikuwa Songea kwenye vibarua vya ujenzi.

Na kila siku Ottilia alifika shuleni anatetemeka. Sweta lake lilikufa mwaka jana. Halikuchanika, lilikufa. Viwiko viliisha, mgongo ukaisha, kipande kilichobaki mama akakifanya kitambaa cha kuipulia sufuria.

"We Ottilia!" Glorious alimpigia kelele mstarini. Kijana huyo hajui kunyamaza. "Sweta lako bado liko kiwandani linakobolewa?"

Mstari mzima ukacheka.

"Likimaliza litakuja kukukoboa hayo meno," Ottilia akajibu. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Glorious. Lakini jibu zuri haliondoi baridi.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba pesa ya sweta ilikuwepo. Zamani kiwanda kilikuwa cha ushirika, kikauzwa, kama vitu vingi vilivyouzwa miaka ile. Mmiliki mpya akawaambia wafanyakazi: anayetaka na yeye awe na sehemu yake humu. Kila mwezi unakatwa kidogo kwenye mshahara. Miezi sita ikiisha, makato yako yananunua hisa, yaani vipande vya umiliki wa kampuni, kwa bei nafuu kuliko anayouziwa mtu wa nje. Mama Ottilia akatia sahihi. Elfu tatu kila mwezi zinakwenda. Na sweta la mtumba, lakini zima kabisa, pale sokoni lilikuwa elfu tatu na mia tano.

"Mama, hivi hisa zinavaliwa?" Ottilia aliwahi kuuliza.

"Hazivaliwi. Kula unyamaze."

Alhamisi hiyo mama alirudi na bahasha. Kiwanda kilitaka kila aliye kwenye mpango wa hisa ajaze fomu: anaendelea au anaacha. Mwisho Jumatatu saa sita mchana. Barua ya maelezo ilikuwa na kurasa tatu, herufi ndogo kama chawa. Macho ya mama yalikuwa yamechoka na punje za kahawa.

"Nisomee, mwanangu. Polepole."

Ottilia akasoma ukurasa wa kwanza. Ulisema bei ya kahawa duniani imeshuka. Ulisema thamani ya hisa inaweza kupanda na inaweza kushuka, na mfanyakazi anaweza kupata pungufu ya alichoweka. Ulisema anayeacha sasa atarudishiwa makato yote ya miezi hii sita.

Ottilia akapiga hesabu kichwani. Elfu kumi na nane! Akafunua ukurasa wa pili, akaona juu pameandikwa kwa herufi nene: Faida za Kuendelea. Akaufunika.

"Hizo nyingine zinasemaje?" mama akauliza.

"Ni sahihi na mihuri tu, mama. Mambo ya wanasheria."

Mama akasugua vidole vyake vilivyopasuka. "Kumbe ni hatari hivyo," akasema mwisho. "Nami nilidhani nimepata pa kukuwekea chochote, mwanangu. Basi. Nitaacha."

Ottilia alitegemea kufurahi. Furaha haikuja. Ila alijiambia kwamba kila neno alilosoma lilikuwemo kwenye barua, hakubuni hata moja. Sasa uongo uko wapi?

Jumamosi mchana ikabishwa hodi mlangoni. Alikuwa mama Bonifasia, mjane wa Ngumbo kule ziwani, anayekaa meza moja na mama kiwandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msomi wangu! Njoo hapa nikushike mkono." Akamtia mikononi furushi la usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, unanukia vizuri. "Kaka yangu kauleta jana. Nikasema huu ni wa Ottilia. Mama yako katueleza pale mezani barua inavyosema. Wenzangu wanne wameshajaza fomu ya kuacha, Jumatatu wanapeleka. Mimi yangu nimeshampa karani Florian jana ileile. Tungeumia sisi! Wewe umetuokoa."

Ottilia akasimama na furushi lake kama mtu aliyebebeshwa jiwe. Alitaka kudanganya mtu mmoja, tena mama yake. Sasa wamekuwa sita. Nani aliwaambia waamini? Alimkasirikia mama kwa kusema, akamkasirikia mama Bonifasia kwa usipa wake, akalikasirikia na lile sweta ambalo hata halijanunuliwa.

Jumapili baada ya misa ukoo mzima ulikula kwa babu Mansuetus. Wamatengo kula kwa pamoja hivi wanakuita sengu. Kila nyumba inaleta chakula chake, watu wanakula, na shauri lolote la nyumba yoyote linasemwa hapo hapo mbele ya wote. Mama alileta ugali na ule usipa, ameukaanga kwa nyanya.

Babu hakuwa mtu wa maneno matamu. "Nasikia mkwe wangu anaachana na hisa," akasema tonge likiwa mkononi. "Amechelewa! Mimi nilikuwa na hisa za chama cha ushirika miaka kumi na minane. Mnajua nilipata nini? Kalenda. Na kalenda yenyewe ya mwaka uliokwisha pita!"

Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Ottilia, lete barua. Soma hapa, kila mtu asikie watu wanavyoliwa."

Ottilia akasoma ukurasa wa kwanza. Kila akifika kwenye neno "kushuka", babu anapiga paja: "Mnasikia? Mnasikia?" Ukurasa ukaisha.

"Zilizobaki ni sahihi tu, baba," mama akasema kutoka upande wa wanawake.

"Basi, kunja hiyo karatasi uje ule."

Njia ilikuwa wazi. Angekunja tu. Hakuna ambaye angeuliza tena, na keshokutwa angevaa sweta. Bakuli la usipa lilikuwa mbele yake, na shangazi mmoja alikuwa anausifu: usipa mtamu huu, nani kauleta?

"Haijaisha," Ottilia akasema.

"Unasemaje?"

"Barua haijaisha, babu. Niliziruka kurasa mbili."

Akasoma kabla mtu hajamzuia. Ukurasa wa pili ulisema atakayebaki mpaka mwisho wa Desemba ataongezewa hisa moja ya bure kwa kila hisa nne alizonazo. Atakayeacha hataipata nyongeza hiyo, na hataruhusiwa kurudi kwenye mpango mpaka miaka miwili ipite. Kisha wa tatu: mfanyakazi mwenye shida halazimiki kuacha. Anaweza kupunguza makato yake hadi nusu, na nyongeza yake asiipoteze.

Nusu. Elfu moja na mia tano kila mwezi zingebaki nyumbani; miezi mitatu tu, sweta lingepatikana. Ottilia alisimama hapo kinywa wazi. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa kwenye ukurasa alioukimbia.

Hakuna aliyecheka. Babu alitafuna taratibu, amekasirika, na haikujulikana anaikasirikia barua au anamkasirikia mjukuu.

"Kwa nini?" mama akauliza.

"Nilitaka sweta."

Mama akamwangalia. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Kesho saa moja kamili tutakuwa wote mezani kwangu kiwandani," akasema. "Utawasomea ulioanza kuwaharibia."

Jumatatu, walipomweleza shida yao, karani Florian aliwafokea mlangoni mwa kiwanda. "Hapa si mahali pa kubadilisha mawazo kama nguo! Leo anaacha, kesho haachi!"

"Saa sita haijafika, bwana Florian," mama akamjibu. "Mpe mama Bonifasia fomu yake."

Florian alipekua rundo la karatasi akilalamika, akaitoa. Ottilia akasimama penye meza ya kuchambulia, vumbi la kahawa likimwingia puani, akaanza kwa kusema alichokifanya. Kisha akasoma kurasa zote tatu. Wakamwambia arudie. Akarudia. Koo likamkauka, hakuna aliyempa maji.

Hawakuamua sawa. Wawili wakasema wanabaki na makato yaleyale. Mmoja akapunguza. Mama Gaudiosa, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa, akasema anaacha vilevile, pesa anaihitaji leo. Mama Bonifasia akajaza nusu, akamgeukia Ottilia.

"Usipa wangu sikudai. Ila nimekasirika, na nitakaa na hasira yangu mpaka iishe yenyewe. Sawa?"

"Sawa, mama. Nisamehe."

"Nimekusikia."

Mama naye akajaza nusu. Kisha akamsindikiza Ottilia mpaka getini, wakasimama pembeni, magari ya magunia yakipita.

"Hisa zinaweza kushuka," mama akasema. "Hilo ulisoma kweli. Hata babu yako hajakosea, alishaumia. Ningesikia barua yote, huenda bado ningeacha, kama mama Gaudiosa. Lakini lingekuwa shauri langu. Wewe uliamua kwanza, halafu ukanipa kipande cha ukweli kile kinachokufaa, ili nidhani nimeamua mimi. Kipande kile kilikuwa kweli, na bado ulinidanganya. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Mtu akikupa barua yake umsomee, amekupa macho yake. Msomee yote. Lile usilolipenda, lisome kwa sauti zaidi. Na shida yako uniambie kwa mdomo wako, usiipitishe kwenye barua ya watu. Ungeniambia baridi inakuumiza kiasi hicho, tungetafuta njia wote wawili." Akamfuta vumbi la kahawa usoni. "Haya, nenda shule. Umechelewa sana. Mwalimu akikuuliza sababu, usimpe nusu."

Ottilia akakimbia. Darasani mwalimu alikuwa ameshaanza hesabu. Akaweka chaki chini, akamuuliza alikuwa wapi mpaka saa hizi. Ottilia akasimama mbele ya darasa zima, akavuta pumzi, akaanzia mwanzo.