Kwamboka Anasubiri Pole

Kaeni sawa niwasimulie. Na wewe wa nyuma, toa kidole puani, hadithi hii ina watu wa heshima.

Palikuwa na msichana wa miaka saba, jina lake Kwamboka. Alikaa Nairobi, na alijua kuteleza kwenye barafu kwa viatu vya chuma, katika ukumbi mmoja wa mjini. Shwaa, shwaa, zuuu.

Nairobi, watoto wanaoteleza kwenye barafu ni wachache. Ukiwahesabu, vidole vinabaki. Basi Kwamboka alijiona yeye ndiye yeye.

Siku moja akaalikwa kwenye kambi ya mazoezi, kule Ufini. Ufini ni mbali, ndege mbili. Na kuna baridi ya kijinga.

Alikwenda na Shangazi Moraa. Shangazi alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na bado alilalamika.

Kocha wa kambi aliitwa Raija. Alikuwa mrefu, na maneno yake yalikuwa mafupi. "Jumamosi tuna onyesho," akasema kwa Kiingereza. "Muziki utapigwa. Kila mtoto ataruka mara moja."

Kwamboka akatabasamu. Hiyo ndiyo ilikuwa hamu yake. Aruke, watu wapige makofi, na Mama aione video kule nyumbani.

"Lakini kwanza," akasema Kocha Raija, "tutajifunza kuanguka."

Kuanguka? Mtu apande ndege mbili aje kujifunza kuanguka? Kwamboka akabinua mdomo. "Ebo, watu gani hawa?"

Watoto wakaanza. Wakaanguka, puu. Wakainuka. Wakaanguka tena, puu. Wakainuka.

Na hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Hata mmoja.

Sasa wewe unajua, na mimi najua. Kwetu mtu akijikwaa, anaambiwa pole. Akimwagikiwa na chai, pole. Akibeba mzigo mzito, pole, hata na mtu asiyemjua.

Kwamboka hakuweza kuvumilia. Akaenda kwa mtoto wa kwanza. "Pole." Akaenda kwa wa pili. "Pole." Akaenda kwa wa tatu. "Pole sana."

Watoto walikuwa kumi na wawili. Akawamaliza wote. Wakamtazama tu, kisha wakaanguka tena, puu. Kazi yote ikaanza upya.

"Ebo," akasema Kwamboka. "Watu gani hawa?"

"Na wewe anguka," akasema Kocha Raija.

"Mimi sianguki," akajibu Kwamboka.

Msikieni huyo. Haanguki. Kwani yeye ni ukuta?

Akarudi nyuma, akaja kwa kasi. Shwaa, shwaa, shwaa. Akaruka juu. Mguu mmoja ukaenda huku, mguu mwingine ukaenda kule.

Puu.

Makalio yalimuuma. Maji ya barafu yakaingia kwenye suruali. Lakini Kwamboka hakuinuka. Alilala pale pale, akasubiri pole yake.

Akasubiri. Watoto wakampita. Shwaa. Shwaa.

Akamtafuta Shangazi kwa macho. Shangazi alikuwa nyuma ya kioo, anapuliza chai. Hakuona kitu. Shangazi naye, safari yote hiyo kuja kupuliza chai.

"Ebo," akasema Kwamboka, machozi yakimlengalenga. "Watu gani hawa?"

Mvulana mmoja akasimama karibu naye. Aliitwa Eetu. Alikuwa na miaka sita, na meno ya mbele hakuwa nayo.

"Unafanya nini hapo?" akauliza Eetu.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mtu aniambie pole."

"Akishakuambia, utafanya nini?"

Kwamboka akafikiri. "Nitainuka," akasema.

"Basi inuka sasa. Unayeyusha barafu yetu."

Jamani. Mtoto hana meno, lakini mdomo anao.

Kocha Raija akaja. "Jumamosi muziki hausubiri mtu," akasema. "Asiyejua kuinuka haraka hataruka. Atakaa kwenye benchi."

Benchi. Nani apande ndege mbili aje kukaa kwenye benchi? Benchi hata Nairobi zipo.

Akaogopa. Akaogopa kweli. Akamgeukia Eetu. "Nionyeshe," akasema.

Eetu akamwonyesha. "Anguka kwa ubavu. Halafu goti, mguu, juu."

Kwamboka akajaribu. Akaanguka kama gunia la viazi. Eetu akacheka mpaka akaanguka naye.

Ubavu, goti, mguu, juu. Akajaribu tena. Ubavu, goti, mguu, juu. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Ubavu wake ukawa na rangi tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa nzuri.

Jumamosi ikafika. Wazazi wakajaa kwenye viti. Shangazi akashika simu juu, tayari kupiga video, makoti yake mawili mwilini.

Muziki ukaanza. Pim, pim, parapim.

Kwamboka akaingia. Shwaa, shwaa, shwaa. Akaruka.

Puu. Akaanguka.

Ndiyo, alianguka. Mlidhani nitasema hakuanguka? Mimi sidanganyi watoto.

Hakuna aliyesema pole. Ni muziki tu, pim, pim, parapim, na wenyewe ulikuwa unakwenda zake.

Ubavu, goti, mguu, juu.

Shwaa, shwaa. Akaukimbiza muziki, akaufikia. Akaruka tena, na safari hii akatua kwa mguu mmoja. Tik.

Watu wakapiga makofi. Shangazi akapiga vigelegele mpaka watu wa Ufini wakashika masikio. Wazoee tu.

Kocha Raija akakubali kwa kichwa, mara moja. Kwake hiyo ni hotuba.

"Si mbaya," akasema Eetu. Maringo gani hayo, na yeye mwenyewe alianguka mara mbili.

Jioni wakala viazi. Mchana walikula viazi pia, na jana yake pia. Kwamboka alikula sahani mbili, kisha akaoga, akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Simu ikalia. Ilikuwa Mama, kutoka Nairobi. Video ameiona, mara nne.

"Uliumia, mwanangu?" akauliza Mama.

"Sana," akasema Kwamboka.

"Mbona hukulia?"

Kwamboka akapiga miayo. "Ningelia saa ngapi, Mama? Muziki ulikuwa unaendelea."

"Pole, mwanangu," akasema Mama. Lakini Kwamboka alikuwa amelala, simu ikiwa bado sikioni.