Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Gari lilianza kulalamika kabla halijatoka geti la duka la magari. Ting, ting, ting, kwa upole kabisa, kama mgeni anayegonga mlango kwa kucha, na kwenye skrini kubwa ya mbele ikawaka picha ya viti vitano, kimoja chekundu. Kilikuwa kiti cha nyuma ya dereva. Maana yake ni kwamba aliyekaa pale hajafunga mkanda. Mume alikuwa kwenye usukani, mke pembeni yake, na huko nyuma hapakuwa na mtu.

Muuzaji, kijana mtanashati aliyenukia kuliko duka lenyewe, aliinama dirishani akacheka. Alisema ni kihisi cha kiti tu, gari jipya lina deko kama mtoto mchanga, walitumie kwa majaribio mpaka Jumatatu watalizoea. Kisha akawapungia mkono na kurudi kwenye kiyoyozi chake.

Tuseme ukweli, mume yule alikuwa na ugonjwa wa kulinganisha. Hata tikiti maji hakuwahi kununua bila kuyagonga yote mezani mpaka mwenye nayo anune. Wiki iliyotangulia walikuwa wamepewa gari jeupe la kampuni nyingine, nalo lilikwenda kwa umeme vilevile, nalo lilikuwa na paa la kioo na viti vinavyokanda mgongo, akalipenda, lakini akasema lazima na hili jeusi alionje. Alikuwa mkandarasi. Maisha yake yote yamepita kwenye mitambo ya kuchanganya zege, na alichokuwa akitafuta sasa, uzee ukikaribia, ni kimya. Jeusi lilisifiwa kwa kimya.

Mke naye alikuwa na lake. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wagonjwa mahututi, na mtu anayeshinda katikati ya mashine zinazolia hupata kilema chake: kengele ikilia, mkono huenda kuizima kabla kichwa hakijauliza inalilia nini. Wenzake walimpachika jina la Sista Zima. Yeye huyohuyo aliwafundisha wauguzi wapya kwamba mwangalie mgonjwa kwanza, kengele baadaye, na akiwakuta wamekosea aliwafokea. Lakini hapa mgonjwa alikuwa nani? Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akauvuta mkanda wa kile kiti kitupu, akasema "Bismillahi" kama anavyosema akishika sindano, au sufuria, au kitasa cha mlango, na akauchomeka. Tak. Kengele ikanyamaza, kiti kwenye skrini kikawa kijani.

Mkanda ulikuja mrefu kuliko alivyotarajia. Aliliona hilo, akalipuuza.

Waliendesha jioni nzima. Mume alifurahi kama mtoto, akikanyaga, akiachia, akimwonyesha mkewe jinsi gari linavyoondoka bila kunguruma, jinsi mji mzima unavyokuwa sinema iliyozimwa sauti ukishapandisha vioo. Kilichomkera ni chaji. Jeupe lilikuwa limekwenda njia ileile likabakiza betri zaidi ya nusu. Jeusi lilikuwa linakula umeme kama lori la mawe, na kule mteremkoni lilishuka kwa uzito ambao mkandarasi aliutambua, uzito wa gari lililopakiwa saruji nyuma. Alisimama kando ya barabara akafungua buti. Lilikuwa tupu, limefagiliwa.

Harufu ya ngozi mpya nayo ilikuwa imebadilika. Mke alikuwa wa kwanza kuisikia: harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi, ubaridi wenye ukungu ndani yake. Akageuka kumwambia mumewe apunguze kiyoyozi, na jicho lake likapita kwenye kile kiti. Mashine ya kukanda mgongo ilikuwa inafanya kazi. Ngozi ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu, na mkanda, badala ya kulegea juu ya kiti kama mkanda wa kiti kitupu, ulikuwa umekaa kwa mviringo, umejaa, kama umezunguka kifua cha mtu anayepumua. Aliogopa kwamba akisema, kitakuwa kweli. Walipofika nyumbani, kwenye maegesho ya chini ya jengo lao, alishuka haraka na kupanda ngazi bila kungoja lifti, na mumewe akamcheka.

Kesho yake mume alishuka kulichaji gari akakawia. Chai ikapoa. Mke akampigia simu, ikaita mpaka ikakata. Akashuka.

Maegesho yale hayakuwa na dirisha, mchana na usiku vilikuwa kitu kimoja, na taa za dari ziliwaka tu mtu akipita chini yake. Zikawaka moja moja mbele yake mpaka kwenye gari jeusi. Mumewe alikuwa ndani, amefunga mkanda, mikono juu ya usukani, anatazama ukuta. Milango ilikuwa imejifunga. Alipogonga, kioo kilishuka upana wa kidole, na ule ubaridi wa kisima ukamgusa mdomoni.

"Zungumza taratibu," mumewe alinong'ona. "Amelala."

"Nani amelala?"

"Wa nyuma."

Akajishikiza kwenye kioo na kumwomba mumewe afungue mkanda atoke. Mume akasema amejaribu, kila akijitikisa unambana zaidi, umeshaanza kumtia ganzi bega. Alisema kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka kulia kwamba huyo wa nyuma haombi makubwa. Alikuwa mpita njia, alikaa tu kupumzika, kama mtu anavyokaa kwenye kizingiti cha nyumba isiyo yake. Sasa amefungwa kwa jina ambalo hawezi kulivunja, na amesema asipofunguliwa, hakuna atakayefunguliwa.

"Na kimya chake, mke wangu," akasema. "Nilikuwa nakitaka kimya. Sasa siusikii hata moyo wangu. Nasikia wake."

Kioo kikapanda chenyewe.

Muuzaji, alipopigiwa simu, alifika na ufunguo wa akiba, na gari la kubebea magari mabovu likimfuata nyuma. Rimoti haikufungua. Ufunguo haukufungua. Nyundo ya dereva wa lile gari la kubebea iliruka kwenye kioo kama imegonga tairi, ikamrudia mwenyewe puani. Kijana wa watu, manukato yake yote yamekwisha kwa jasho, alibaki akisema dhamana haijataja jambo kama hili. Ndani, mume alikuwa ameacha kuwatazama.

Ndipo mke akampigia shangazi yake mume. Alikuwa mama mtu mzima aliyewasomea watu dua maisha yake yote, ambaye mke, kwa usomi wake wa hospitali, alikuwa akimsalimia kwa adabu na kumkwepa kwa adabu vilevile. Shangazi alikuja na kitezo cha ubani, hakuuliza maswali mengi, akalizunguka gari akinukiza, akabandika sikio kwenye mlango wa nyuma na kukaa hivyo muda mrefu hadi taa za dari zikazimika juu yao, ikabidi muuzaji apunge mikono ziwake tena. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa wa huruma.

"Nani alimfunga?"

"Mimi, shangazi. Nilizima kengele tu."

"Kwa jina la nani?"

Mke akaanza kulia. Shangazi akamshika mabega, akamweleza taratibu kama anavyoelezwa mtoto. Mkanda ule hauwezi kufunguliwa na mwingine, ila na mkono uleule, kwa jina lilelile. Mlango wa nyuma utamkubali yeye peke yake. Lakini hao wawili wamekaa pamoja kitambo sasa, na mfungwa akikaa sana na mtu hutamani kiti chake; mkanda ukifunguliwa wakiwa wamebadilishana, kila mmoja hubaki alipo.

"Kwa hiyo usiguse kitu kwanza," akasema. "Mwangalie mumeo usoni. Muulize jambo mnalojua nyinyi wawili tu, na ungoje akujibu. Akikujibu, fungua. Asipokujibu, toka, funga mlango, tutafute njia nyingine. Umenisikia, mwanangu? Ungoje."

Alisikia. Alishika kitasa, nacho kikakubali mara moja, mlango ukafunguka bila sauti, na yeye akaingiza kichwa na bega ndani ya ule ubaridi, goti moja juu ya kiti, pembeni ya ule mkanda uliojaa hewa ya umbo la mtu. Aliinama mbele ili amwone mumewe usoni. Alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta.

"Mume wangu," akasema, "mtoto wetu aliyezaliwa amekufa, tulikuwa tumemchagulia jina gani?"

Hakuna mwingine duniani aliyelijua. Walilisema mara moja tu, wodini, wakakubaliana kutolisema tena. Kule mbele mtu yule akafungua mdomo, na papo hapo gari zima likapiga kelele, ting ikawa si ting tena bali mlio mmoja mrefu usio na pumzi, honi ikalia, taa zote zikawaka nyekundu, skrini ikawaka nyekundu, na yule wa mbele akajishika shingo, mgongo ukapinda, uso alioufahamu kwa miaka ishirini ukaanza kugeuka rangi ya majivu, midomo buluu, macho yakipanda juu, na yote hayo mke aliwahi kuyaona mara ngapi, kitanda hadi kitanda, anajua sekunde zake, anajua kinachofuata, na nyuma yake sauti ya shangazi ikisema ngoja, ngoja, na juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia, pale juu ya kile kiti kitupu, akahisi vidole visivyoonekana vikimshika, si kwa ukali, vikimshika kama unavyomshika mtu wako asivuke barabara, vya moto kabisa katikati ya baridi ile, lakini mkono ulikuwa umeshakwenda, ulikwenda kabla yake, akasema "Bismillahi" akabonyeza. Tak.

Kimya.

Mlango wa mbele ukafunguka na mume akaangukia sakafuni. Alikuwa anapumua. Mke akamrukia, akamgeuza, akamwekea sikio kifuani, akasikia moyo ukipiga vizuri, taratibu, akalia kwa furaha waziwazi mbele ya wageni. Alimbusu kipaji cha uso, akambusu mikono. Muuzaji naye alikuwa anafuta machozi kwa tai. Shangazi peke yake alisimama mbali, kitezo mkononi, hakusogea kumpa mpwa wake mkono.

"Amekujibu?" akauliza.

Mke akasema alikuwa anakufa, shangazi, hapakuwa na wakati wa kujibu. Shangazi akatazama chini. Kisha akasema amechoka, akaenda kwenye lifti bila kuaga.

Muuzaji hakutaka gari likae pale hata dakika moja zaidi. Wakalivuta juu ya lile gari la kubebea, wakalifunga minyororo, na likaanza kupanda mteremko wa kutokea, kwenye mwanga wa mchana. Mke alisimama akilitazama, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, akijiambia kwamba basi, jeupe litatosha, au wapande teksi maisha yao yote, yote sawa. Kioo cha nyuma kilikuwa kimeshuka upana wa kidole.

"Mke wangu." Sauti ilitoka humo ndogo, imechoka, bila hasira. "Nilikushika mkono. Umemfungua nani?"

Kisha ikataja jina la mtoto.

Gari likakata kona juu kule, likapotea. Mke akauvuta mkono wake akimbie, na kiganja kilichoushika kikakaza. Akautuliza, kikalegea kidogo. Akauvuta tena kwa nguvu, kikakaza mpaka mifupa ikalia. Taa za dari zilikuwa zimeanza kuzimika, moja moja, kuanzia kule mlangoni zikija walipo, na kwenye ile ya mwisho mumewe akamgeukia na uso uleule, mashavu yaleyale, akatabasamu kwa haya ya mgeni.

"Twende juu," akanong'ona. "Unionyeshe chumba chetu ni kipi."