Mwezi Chini ya Sakafu

Jioni mwezi ulipoandama, Apolline alikuwa akipita kwenye korido na sahani za chakula alipoona mwanga mwembamba umelala sakafuni, umepinda kama ukucha. Korido ile haikuwa na dirisha. Akazima taa, mwanga ukabaki. Akaukanyaga, akauondoa mguu upesi, maana saruji ilikuwa baridi na chepechepe, na hewa ilinuka udongo uliolowa, ilhali kilikuwa kiangazi na Bukavu nzima ilikuwa vumbi tupu.

Mumewe, Zagabe, alisema ni bomba linavuja. Lakini alipolala alilalamika kwamba nyayo zimemfa ganzi, kana kwamba mtu amezifukia.

Nyumba ile Zagabe aliijenga kwenye mteremko wa Muhumba. Alipoukata mlima ili apate uwanja, mjane aliyekaa upande wa juu, maman Emérence, alishuka kumsihi ajenge kwanza ukuta wa kuzuia udongo kabla ya mvua. Alishuka tena na tena, kila mara kwa upole. Zagabe akamjibu kwamba mvua ni ya Mungu. Mvua ikaja, na nyumba ya mjane ikaporomoka mpaka ndani ya uwanja wa Zagabe. Majirani walipofika na majembe, Zagabe aliwaambia wasijisumbue, yule mama amesafiri kwa ndugu zake Kavumu, yeye mwenyewe alimwona akipanda gari. Wakarudi makwao. Siku hiyohiyo akasawazisha udongo na kuita watu wamwage beto, zege la sakafu. Kavumu hakuna aliyemwona Emérence. Apolline aliyasikia hayo akanyamaza, kwani nyumba ilikuwa nzuri na watoto walikuwa wameshachagua vyumba vyao.

Kadiri mwezi ulivyonenepa juu ya ziwa, ndivyo na ule wa sakafuni ulivyotanuka. Ganzi ya Zagabe ikapanda magotini, ikafika kiunoni; daktari akampima asione kitu. Watoto wakakataa kupita koridoni. Na kila giza lilipoingia, Apolline alisikia chini ya saruji kucha zikiparura polepole, zikipumzika, zikiparura tena, na katikati ya mparuro mmoja na mwingine pumzi ya mtu mwenye mchanga kooni, pumzi iliyomfuata jikoni, ikamfuata kitandani, hata akawa anaivuta na kuitoa pamoja nayo bila kutaka.

Mwezi ulipofika nusu alimwita maman Gisèle, kiongozi wa kikundi cha maombi parokiani. Gisèle alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni, akaanza kusali. Katikati ya sala akainuka, akamvuta Apolline mpaka nje.

“Maman, huyu hapana shetani,” akanong'ona. “Huyu iko muntu. Shetani tunamufukuza. Muntu mwenye alizulumiwa, tutamufukuza wapi?”

Akamshauri wabomoe sakafu, wamtoe marehemu, wamzike kwa heshima. Apolline akamwomba mumewe kwa machozi. Zagabe alisema atakayegusa sakafu yake atafute pengine pa kulala.

Jua lilipotua siku ya mwezi mpevu, mwezi ulichomoza papo hapo nyuma ya vilima vya Rwanda, mwekundu, mzito. Zagabe alikuwa kitini sebuleni, ganzi imemfika kifuani, hawezi kuinuka. Korido ikajaa mwanga, na mwanga ule ulikuwa na mabega, ulikuwa na kichwa. Kisha ikatoka sauti, ya upole, kama ya jirani anayeomba chumvi.

“Papa Zagabe, siku ile ulinisikia.”

Apolline akamgeukia mumewe, akingoja akane. Zagabe akatazama chini.

“Nilikuita kwa jina yako. Ukaita bantu ya beto.” Sauti ikamgeukia mke. “Maman Apolline, weye sina maneno na weye. Toka na batoto.”

“Apolline,” Zagabe akasema, naye hakuwa na pumzi ya kupiga kelele, “unishike mukono.”

Apolline aliutazama ule mkono. Kisha akashika wa Élodie, binti yake, akambeba mdogo, akatoka na kufunga mlango kwa ufunguo. Walipokuwa wakipanda njia ya mlimani chini ya mbalamwezi nyeupe alimsikia mumewe akimwita, akamsikia tena, mara hii sauti ikitokea chini zaidi, chini ya mahali ambapo nyumba inakomea, na hakugeuka, na hakumwacha mtoto ageuke, mpaka wakabisha kwa Gisèle.

Asubuhi alirudi na fundi Bruno na majirani. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Kiti kilikuwa kitupu. Sakafu ya korido haikuwa na ufa hata mmoja. Apolline akawaambia wapasue.

Walipasua mpaka jua likawa kali. Emérence alikuwa amelala ubavu, mifupa na kitambaa. Mikononi mwake alikuwamo Zagabe, na shati la jana, kinywa kimejaa udongo, na beto iliyomkaba ilikuwa kongwe na ngumu sawa na ile iliyomkaba mjane.

Bruno alivua kofia. Akauliza taratibu, “Maman, tuanze na bwana yako?”

“Hapana. Muanze na maman Emérence.”

Akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika chini kwa ajili ya mjane. Hakuleta cha pili.