Lauti Mbili

Nyumba ya Mama Salafai ilikuwa na watu watatu, na jioni ile waliimba wanne.

Ianeta ndiye aliyesikia kwanza. Baragumu la kijiji lilikuwa limeshapulizwa, barabara imetulia, na wote wameketi mkekani kwa sala: Mama Salafai, mwanawe Fereti, na Ianeta mwenyewe, mke wa Fereti, mwenye mimba ya miezi minane. Katika ubeti wa pili akasikia sauti nyembamba ya kike ikipanda juu ya zao. Akadhani ni jirani. Lakini majirani walikuwa wakiimba wimbo mwingine.

Chanzo chake kilikuwa wiki mbili nyuma. Ianeta ni mtoto wa Apia, na watu wa mjini, tuseme ukweli, wana ugonjwa wa kupamba. Alitaka mmea wa kuweka sebuleni kabla mtoto hajazaliwa. Mama mkwe akamwambia akate shina la lauti iliyo nyuma ya jiko, mmea wa majani mapana yenye ukingo mwekundu, ulioilinda nyumba ile tangu enzi za wazee. Sasa kulikuwa na lauti nyingine uani mbele, kichwani mwa kaburi la Lupe, dada yake Fereti, aliyefia uzazini pamoja na mwanawe. Majani yaleyale mapana, ukingo uleule mwekundu. Na kaburi lenyewe halikumtisha mtu. Alasiri walilikalia wakicheza karata, asubuhi wakalianikia shuka. Basi Ianeta akakata huku na huku, akapanda mashina yote mawili katika makopo yanayofanana, akayapanga dirishani aone lipi litapendeza zaidi.

Mama Salafai, asiyejua la pili limetoka wapi, alimtania. "Chagua moja, mwanangu. Mchagua nazi hupata koroma."

Akachagua lililong'aa, likakaa sebuleni. La pili likawekwa barazani. Lipi lilikuwa la jikoni na lipi la kaburini, alikuwa ameshasahau, kwa jinsi alivyoyahamisha akiyalinganisha.

Jioni ya pili Fereti naye akaisikia ile sauti, akakatiza wimbo. Jioni ya tatu Mama Salafai akaitambua: ilikuwa ya Lupe. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya nazi yenye maua ya mlangilangi, mafuta yaleyale aliyompaka Lupe kwa mikono yake siku ya kumzika.

Siku ya nne, alasiri, Ianeta amejilaza peke yake, akahisi kitana kikipita taratibu katika nywele zake, kikishuka, kikipanda, na hakuthubutu kugeuka, maana mlango alikuwa ameufunga mwenyewe, na kitana kilipokoma mkono wa baridi ukamshika bega, ukateremka ubavuni, ukafika tumboni, ukatulia pale mtoto alipokuwa akipiga teke, na mtoto, ambaye tangu aanze kucheza hakuwa amekaa kimya saa moja, akanyamaza kabisa. Ianeta alipiga ukelele uliowaleta watu kutoka mashambani.

Mganga, Bibi Mareta, alifika kesho yake asubuhi. Alimkanda tumbo mpaka mtoto akacheza tena, akauliza kila kitu, na Ianeta akakiri kwa machozi kwamba alikata lauti ya kaburini. Mama Salafai alifunika uso.

"Umemwingiza ndani mwenyewe," Bibi Mareta alisema kwa sauti ya chini. "Sasa lirudishwe la kwake. Ila msikosee. La jikoni ndilo mlinzi wenu. Mkimpa Lupe hilo, mtakuwa mmemkabidhi nyumba, naye atamchukua mtoto."

"Bibi, si utuchagulie wewe?" Fereti aliomba.

"Mkono uliokata ndio unaochagua."

Yakaletwa makopo yote mawili. Ianeta akayatazama hadi macho yakamuuma. Akainama, akanusa. Lile la sebuleni lilimnukia mlangilangi, au labda nyumba nzima ilikuwa inanukia, hakujua tena. Alijua tu kwamba anataka liwe ndilo, ili yaishe.

"Una hakika?" Fereti alinong'ona.

"Ni hili."

Fereti akalipanda kaburini kabla ya baragumu. La barazani likaingizwa sebuleni. Jioni wakaketi mkekani, wakafumba macho, na wimbo ukaanza. Mama Salafai alihesabu sauti moyoni huku akiimba. Moja. Mbili. Tatu. Walifika ubeti wa mwisho bila nyingine kuongezeka, naye akalia kwa furaha.

"Sauti tatu tu," Fereti alisema, akimfuta mama yake machozi. "Umesikia, mke wangu? Ameondoka."

Ianeta alitaka kumjibu. Tangu ubeti wa kwanza alikuwa amefumba mdomo kwa woga, na hakuwa ameimba hata neno moja. Akapeleka mkono tumboni, akakuta mwingine umeshatangulia.