Dakika Ishirini za Ndege ya Asubuhi

Kila siku mama hutoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda uwanja wa ndege, kitambulisho kikining'inia shingoni. Ni msimamizi wa wanaosafisha ndege. Mpaka akague viti na kusaini karatasi, abiria hawapandi.

Jumatatu ile kitambulisho kilikuwa ndani ya mkoba wangu wa shule. Nilikichukua nikawaringie wenzangu.

"Mwanangu, umekiona kitambulisho changu?" mama aliuliza, akiinua godoro.

"Sijakiona, mama."

Nilijibu macho makavu, nikaendelea kunywa chai. Mama alipekua kabati, hata sufuria alizifunua. Najichukia kila nikikumbuka.

Mlinzi wa lango hajui undugu. Alimzuia mama nje mpaka bosi wa mama alipokuja kumwombea. Ndege ya kwanza ikaondoka imechelewa dakika ishirini.

Dakika ishirini ni nini? Lakini ndege ile ile huzunguka miji mitatu, kisha hurudi kwetu. Mji wa kwanza ilikuta zamu yake ya kutua imepita, ikazungushwa angani. Mji wa pili ilikuta nafasi yake ya kuegesha ina ndege nyingine; ikangoja, nayo ikazichelewesha zilizokuwa nyuma yake. Ilifika mji wa tatu imechelewa saa mbili na nusu. Huko dada yangu alikuwa akiingoja na bahasha ya vyeti, aje kwenye usaili wa chuo cha uuguzi saa nane. Usaili huo aliuhangaikia miaka miwili.

Alifika chuoni saa kumi, akakuta wameshafunga.

"Wameniambia nijaribu mwakani," alituambia, akakaa sakafuni na viatu vyake vipya.

"Ni uzembe wangu, mwanangu," mama alisema. "Mimi ndiye niliyeichelewesha."

Hapo nilishindwa. Nilikiweka kitambulisho mezani, nikasema yote. Dada aliinuka, akaingia chumbani akafunga mlango. Afadhali angenipiga.

Kesho yake mama alinipeleka kwa bosi wake, nikakiri kwa kinywa changu. Bosi akaichana barua ya onyo aliyokuwa amemwandikia mama.

Njiani mama alisema, "Kukichukua ulikuwa utoto. Lakini nilikuuliza, ukanidanganya. Ungesema kweli, ningewahi kazini. Uongo huuoni unakokwenda ukishautoa mdomoni. Mimi barua yangu imechanwa. Dada yako nani atamrudishia mwaka wake?"